Kalsiamu, vitamini D na kinga ya saratani: mwongozo kamili wa kufikia kiwango kinachotosha

Makosa yanayojirudia ni yale yale. Mtu anasikia kwamba kalsiamu na vitamini D zinakinga saratani, anakwenda duka la dawa, ananunua kopo la vidonge na kumeza viwili kila asubuhi tumbo likiwa tupu. Mwingine anaota jua la saa moja asubuhi akiamini ndilo lenye vitamini. Wa tatu anakula mchicha kila siku na kuhesabu kwamba kalsiamu amemaliza. Wote watatu wana nia njema, na wote watatu wanakosa wanachokitafuta.

Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua. Ni wa mtu mzima asiye na saratani wala ugonjwa wa figo. Mwenye mojawapo ya hayo aanze na sehemu ya mwisho kabisa.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu, au simu ya kuandikia ulichokula kwa siku tatu.
- Glasi au kikombe unachojua ujazo wake. Glasi ya mililita 250 inafaa.
- Maziwa au mtindi (maziwa lala kwa walio Kenya), dagaa au omena wakavu, sukuma wiki, unga wa ulezi na ufuta. Huhitaji vyote, chagua vitatu vinavyopatikana sokoni kwako.
- Mahali pa wazi penye jua: uani, barazani au shambani.
- Orodha ya dawa zote unazotumia sasa.

Vidonge havimo kwenye orodha hii kwa makusudi. Vinakuja hatua ya tano, na wengi hawatafika huko.

## Kwanza, ujue unajikinga na nini

Usipoelewa sehemu hii utafuata hatua zote huku ukitarajia kitu kisichokuwepo.

Saratani ambayo ushahidi wa kalsiamu ni mzito ni ile ya utumbo mpana. Mwaka 2025 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 542,778: kila nyongeza ya miligramu 300 za kalsiamu kwa siku, yaani kiasi cha glasi moja kubwa ya maziwa, iliambatana na hatari iliyopungua kwa asilimia 17. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba maziwa ndiyo yaliyokinga, lakini unakubaliana na tafiti nyingi zilizoutangulia.

Sababu inaeleweka. Ukila mafuta, ini humwaga nyongo ili kuyayeyusha. Sehemu ya asidi za nyongo na mafuta hufika utumbo mpana na kuuwasha ukuta wake, nao ukuta unaowashwa mara kwa mara hulazimika kuzalisha seli mpya haraka. Kalsiamu iliyobaki ndani ya utumbo hushikana na asidi hizo na kuwa kitu kisichoyeyuka, kisha hutoka na choo. Kwa hiyo kalsiamu ya chakula hufanya kazi hata ile ambayo haikuingia kwenye damu.

Vitamini D ina hadithi tofauti. Bila yake utumbo hunyonya kalsiamu kidogo sana, na seli nyingi za mwili zina vipokezi vyake, ambavyo husaidia seli kukomaa badala ya kuzaana ovyo. Hata hivyo, jaribio kubwa la Marekani liitwalo VITAL liliwapa watu 25,871 ama uniti 2,000 (kwenye lebo huandikwa IU) za vitamini D kwa siku ama kidonge kisicho na dawa, kwa zaidi ya miaka 5. Idadi ya waliopata saratani haikutofautiana. Kilichojitokeza katika uchambuzi wa baadaye ni kwamba saratani zilizosambaa au kuua zilikuwa pungufu kwa kundi la vitamini D, hasa kwa watu wasio na uzito wa kupita kiasi.

Jaribio jingine la Marekani liliwapa wanawake 36,282 waliokoma hedhi miligramu 1,000 za kalsiamu na uniti 400 za vitamini D kwa miaka 7. Saratani ya utumbo mpana haikupungua, ila mawe kwenye figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Wanawake wale walikuwa tayari wanakula kalsiamu ya kutosha kabla hawajapewa kidonge.

Ukisoma matokeo hayo pamoja, kazi yako inakuwa wazi: kama una upungufu, uzibe. Kama huna, kuongeza juu yake hakukuongezei kinga.

## Hatua ya 1: Hesabu kalsiamu unayopata sasa

Kwa siku tatu za kawaida andika kila ulichokula na kunywa. Usichague siku za sikukuu wala za mfungo.

Kisha hesabu kwa makadirio haya:

- Maziwa au mtindi, glasi ya mililita 250: miligramu 300.
- Chai ya maziwa, kikombe kimoja: 100 hadi 150, kama maziwa ni nusu kweli.
- Dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa, gramu 20 hivi (kiganja kimoja): 200 au zaidi.
- Sukuma wiki iliyopikwa, bakuli dogo: takriban 200.
- Uji wa ulezi, kikombe kikubwa chenye gramu 35 za unga: takriban 120.
- Maharage, bakuli: 50 hadi 80.
- Ugali wa sembe, wali mweupe, mkate, nyama, kuku: karibu na sifuri.

Lengo ni miligramu 1,000 kwa siku. Mwanamke aliyefikisha miaka 51 na mwanamume aliyefikisha 71 walenge 1,200.

Angalizo: maziwa ya kupimiwa mtaani mara nyingine huongezwa maji. Kama yako ni mepesi na hayagandi vizuri, hesabu nusu.

Hatua hii imekamilika ukiwa na namba moja: wastani wa siku tatu. Anayekula ugali kwa nyama na chai ya rangi hupata chini ya 400. Usishtuke, hapo ndipo wengi wanapoanzia.

## Hatua ya 2: Ziba pengo kwa chakula

Toa namba yako kwenye 1,000. Kilichobaki kigawe mara mbili au tatu kwa siku, kwa sababu utumbo hunyonya vizuri kiasi kidogo kidogo kuliko mzigo mzima mara moja.

Dagaa. Kwa bei na kwa kalsiamu, sijui chakula kinachowashinda katika ukanda huu. Gramu 100 za dagaa wakavu zina zaidi ya miligramu 1,000. Kalsiamu iko kwenye mifupa, kwa hiyo anayechambua vichwa na miiba anatupa alichokinunua. Waoshe kwa maji mengi kuondoa mchanga, wachemshe kidogo, mwaga maji hayo kama wametiwa chumvi, kisha kaanga au pika kwa nyanya na nazi. Chumvi nyingi huifanya figo kutoa kalsiamu kwa mkojo, ndiyo maana ya kumwaga maji. Kwa watoto na wazee wasioweza kutafuna, wasage wawe unga na uweke kijiko kwenye uji au mboga.

Maziwa na mtindi. Kama maziwa yanakujaza gesi au kukuharisha, huenda mwili wako hausagi sukari ya maziwa, hali iliyo ya kawaida kwa watu wazima wengi wa Afrika. Jaribu mtindi: bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo, na kalsiamu yote imebaki. Anza na nusu glasi pamoja na chakula, panda taratibu kwa wiki mbili. Maziwa mabichi yachemshe, kwani yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa brusela. Kuchemsha hakuondoi kalsiamu.

Sukuma wiki dhidi ya mchicha. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Mchicha na spinachi vina kalsiamu nyingi kwenye jedwali, lakini vina pia oksalati, ambayo huishikilia kalsiamu hiyo isinyonywe. Sukuma wiki, kabichi na figili zina oksalati kidogo, na kalsiamu yake hunyonywa vizuri kama ya maziwa au zaidi. Endelea kula mchicha kwa ajili ya virutubisho vingine, ila usiuweke kwenye hesabu ya kalsiamu.

Ulezi na ufuta. Gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340 za kalsiamu, mbali kabisa na mahindi. Kasoro yake ni fitati, inayopunguza unyonywaji. Dawa yake bibi zetu waliijua: loweka ulezi usiku kucha, uoteshe kimea au uchachushe uji, kisha upike. Ufuta usiokobolewa nao una kalsiamu nyingi. Ukaange kidogo na kuusaga ndipo mwili uupate, kwani punje nzima hupita na kutoka kama ilivyoingia.

Onyo la kuchukuliwa kwa uzito: ulezi, ufuta au karanga zenye ukungu zitupe, hata kama umeziosha na kuzianika. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, husababisha saratani ya ini, na kupika hakuiondoi. Hakuna maana ya kujikinga utumbo huku ukiliumiza ini.

Onyo la pili ni la chai. Chai ya maziwa ni njia nzuri ya kupata kalsiamu, lakini tunainywa ikiwa moto mno. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani ya umio. Ugonjwa huo uko juu katika ukanda wa mashariki ya Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Mimina chai, iache dakika kadhaa, kisha unywe.

Mfano wa siku inayofikia lengo: asubuhi kikombe kikubwa cha uji wa ulezi uliochachushwa (120) na kikombe cha chai ya maziwa (120), mchana ugali, sukuma wiki (200) na dagaa (250), jioni glasi ya mtindi (300). Jumla 990. Imetosha.

Wanaume, msizidishe sana. Kuna dalili, ingawa si ushahidi mzito, kwamba ulaji mkubwa wa maziwa na kalsiamu unaambatana na saratani ya tezi dume. Elfu moja inatosha; elfu mbili haina faida mnayoitafuta.

Utajua umefanikiwa ukihesabu tena siku tatu baada ya mwezi mmoja na wastani ukawa 900 hadi 1,200 bila kulazimisha.

## Hatua ya 3: Pata vitamini D kutoka kwenye jua

Chakula chetu kina vitamini D kidogo. Imo kwenye samaki wenye mafuta kama vibua na sardini, kwenye kiini cha yai na maini, lakini ni vigumu kufikisha uniti 600 za siku kwa hivyo peke yake. Chanzo kikuu ni ngozi yako ikikutana na aina ya mionzi ya jua iitwayo UVB.

Kanuni ya kivuli. Simama juani utazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, mionzi ya UVB inayokufikia ni kidogo. Kikiwa kifupi kuliko wewe, ngozi inatengeneza vitamini D. Kwa Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi au Mwanza hiyo ni kuanzia kati ya saa tatu na nusu na saa nne asubuhi hadi kama saa tisa alasiri. Jua la saa moja asubuhi ni tamu kuliota, lakini halitimizi kazi hii.

Namna ya kufanya. Acha wazi uso, mikono hadi juu ya viwiko, na miguu ikiwezekana. Ngozi nyeusi ina melanini inayokinga jua, hivyo inahitaji muda mrefu kuliko ngozi nyeupe. Anza na dakika 20 hadi 30, siku tatu au nne kwa wiki. Vitamini D huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo si lazima iwe kila siku. Toka kabla ngozi haijaanza kuchoma. Kukaa zaidi hakuongezi vitamini, kwa kuwa ngozi ikifika kiwango fulani huanza kuivunja ya ziada.

Dirisha la kioo huzuia UVB. Kukaa kwenye gari au ofisini jua likikupiga usoni hakuhesabiki.

Wanaovaa buibui, hijabu au nikabu wanaweza kufanya hili uani au juu ya paa la nyumba wakiwa na watu wa nyumbani, mikono na miguu wazi. Familia ikilipanga, hakuna anayelazimika kuchagua kati ya stara na afya yake. Ndugu zetu wa Oman na nchi za Ghuba walione hili kwa uzito: huko jua lipo kwa wingi na upungufu wa vitamini D nao umeenea, kwa sababu joto huwafungia watu ndani.

Kwamba jua letu linatosha kwa anayelipata kumeonekana Tanzania kwenyewe. Watafiti waliwapima Wamasai na Wahadzabe, wakakuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachohesabika kuwa cha kutosha. Hawakuwa wakimeza kidonge chochote.

Watu wenye ualbino wasiifuate hatua hii kabisa. Kwao jua ndilo chanzo cha saratani ya ngozi, na Tanzania imewapoteza vijana wengi mno kwa ugonjwa huo. Nguo za mikono mirefu, kofia pana na krimu ya kukinga jua, kama ile ya Kilisun inayotengenezwa Moshi, viwe vya kila siku. Vitamini D wapate kwa samaki, mayai na kidonge kwa ushauri wa kliniki.

Wanaoishi Ulaya na kaskazini mwa Marekani nao wana njia yao. Nchini Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua halitoi UVB ya kutosha. Serikali ya huko inashauri uniti 400 kwa siku kipindi hicho, na wenye ngozi nyeusi au wanaojifunika wafikirie kuzitumia mwaka mzima.

## Hatua ya 4: Amua kama unahitaji kupimwa damu

Wengi hawahitaji. Kipimo ni ghali, na anayeshinda shambani au gengeni hakitamwambia jipya.

Fikiria kupimwa kama hutoki nje mchana, unajifunika mwili mzima, una umri wa zaidi ya miaka 65, una uzito mkubwa, una ugonjwa wa ini au utumbo, au unatumia dawa za kifafa au rifampisini ya kifua kikuu, kwani hizo huimaliza vitamini D haraka.

Omba kipimo cha 25-hidroksi vitamini D, kisha uangalie kizio kilichoandikwa kabla ya kusoma namba. Maabara nyingine hutumia nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita. Nanogramu zidisha mara 2.5 kupata nanomoli. Watu wameogopeshwa na namba 24 wakidhani ni upungufu, kumbe ni nanogramu, sawa na nanomoli 60.

- Chini ya nanomoli 30: upungufu, unahitaji tiba.
- 30 hadi 50: haitoshi, rekebisha.
- 50 na kuendelea: inatosha.
- Zaidi ya 125: hakuna faida, na madhara yanaweza kuanza.

## Hatua ya 5: Vidonge, ikiwa tu hatua zilizotangulia hazikutosha

Vitamini D. Uniti 600 hadi 800 za D3 kwa siku zinatosha mtu mzima, pamoja na mlo wenye mafuta. Usivuke 4,000 bila daktari. Usikubali sindano au kidonge cha mamia ya maelfu ya uniti kwa sababu tu mtu dukani amekuambia itakaa mwaka mzima: Australia, wanawake wazee waliopewa uniti 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya wenzao.

Kalsiamu. Soma lebo kwa makini. Miligramu 1,250 za kalsiamu kaboneti ni miligramu 500 tu za kalsiamu yenyewe. Kaboneti inywe pamoja na chakula kwa sababu inahitaji asidi ya tumbo. Sitreti inaweza kunywewa wakati wowote. Usizidishe 500 kwa mara moja, na uongeze kiasi cha kuziba pengo tu. Kama pengo lako ni 300, nusu ya kidonge cha 500 inakaribia.

Dawa zinazogongana na kalsiamu. Itoe ile orodha yako ya dawa umwonyeshe mfamasia.

- Dolutegravir, dawa ya VVU iliyomo kwenye kidonge cha TLD: inywe pamoja na kalsiamu kwa chakula, au kunywa dolutegravir saa mbili kabla ya kalsiamu au saa sita baada yake. Kukosea hapa kunaweza kudhoofisha tiba ya VVU.
- Doksisaiklini na siprofloksasini: kalsiamu huzizuia zisinyonywe, hivyo tenganisha kwa saa kadhaa.
- Dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini: acha saa nne.
- Vidonge vya madini ya chuma: visinywewe kwa pamoja.
- Haidroklorothiazidi ya presha: ikikutana na kalsiamu na vitamini D, kalsiamu ya damu inaweza kupanda.

Acha vidonge uende hospitali ukipata kichefuchefu kisichoisha, kiu kali, mkojo wa mara kwa mara, choo kigumu, udhaifu wa misuli au kuchanganyikiwa. Hizo ni dalili za kalsiamu kuzidi kwenye damu. Maumivu makali ya ubavu yanayoshuka kinenani yanaweza kuwa jiwe la figo.

## Hatua ya 6: Fanya yale ambayo kalsiamu na vitamini D haziwezi

Hatua hii wengi huiruka kwa kudhani wamekwishajikinga. Saratani ya mlango wa kizazi haizuiwi na maziwa. Inazuiwa kwa chanjo ya HPV, virusi vinavyoisababisha, ambayo Tanzania inaitoa bure kwa wasichana tangu 2018, na kwa uchunguzi wa mara kwa mara kituo cha afya. Saratani ya ini hupunguzwa kwa chanjo ya homa ya ini B. Tumbaku na pombe hakuna kidonge kinachozifidia.

Kwa utumbo mpana wenyewe, damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa zaidi ya wiki tatu, au upungufu wa damu usioelezeka kwa mwanamume au kwa mwanamke aliyekoma hedhi vinahitaji daktari. Usitulize moyo kwa kusema ni bawasiri mpaka umepimwa.

## Kama tayari una saratani au ugonjwa wa figo

Usianze kalsiamu wala vitamini D kwa uamuzi wako. Saratani iliyofika kwenye mifupa, na saratani ya uboho iitwayo mayeloma, zinaweza zenyewe kupandisha kalsiamu ya damu hadi kiwango cha hatari, na kidonge kikaongeza juu yake.

Wakati huohuo, mgonjwa anayepewa asidi ya zoledroniki kuimarisha mifupa kwa kawaida huandikiwa kalsiamu na vitamini D, kwa sababu dawa hiyo huweza kuishusha kalsiamu ya damu kupita kiasi. Wagonjwa wawili wenye saratani inayofanana wanaweza kuhitaji maagizo yanayopingana. Anayejua ni daktari mwenye majibu yako ya damu, iwe Ocean Road, Bugando, KCMC au hospitali unakotibiwa. Nenda na kopo la kila unachomeza, hata kile ulichonunua dukani bila cheti, umwekee mezani.